National Geographic (jarida)

National Geographic ni jarida la Marekani linalohusu jiografia, upelelezi wa dunia, sayansi, historia na tamaduni za watu. Lilianza kutolewa mwaka 1888 na Shirika la National Geographic, lenye makao makuu mjini Washington, D.C. Linatambulika kwa urahisi kutokana na jalada lake lenye fremu ya rangi ya njano, na limepata sifa duniani kwa picha na ramani zake.

Kwa zaidi ya miaka mia moja shirika hilo limegharimia safari za kwenda ncha za dunia, vilele vya milima, vilindi vya bahari na mapango, na jarida limewatangaza wasafiri hao kwa mamilioni ya wasomaji. Miongoni mwa waliojulikana kwa njia hiyo ni Robert Peary, Hiram Bingham, Jacques Cousteau, Louis na Mary Leakey, Jane Goodall na Dian Fossey. Habari kadhaa zilizolipatia jarida umaarufu mkubwa zilitoka Afrika ya Mashariki.

Jarida pia limelaumiwa kwa muda mrefu kwamba lilimsifu mgeni aliyefika mahali na kumsahau mwenyeji aliyemfikisha. Mwaka 2018 jarida lenyewe lilikiri makosa yake ya zamani katika kuandika juu ya watu wasio Wazungu.

Maana ya mpelelezi

Neno "mpelelezi" lina maana zaidi ya moja katika Kiswahili. Linaweza kumtaja askari anayechunguza uhalifu, na pia mtu anayesafiri kwenda mahali pasipojulikana kwake ili kuchunguza na kuleta habari. Makala hii inatumia maana ya pili.

Katika karne ya 19 mpelelezi alitazamiwa kujaza nafasi tupu kwenye ramani. Siku hizi nafasi hizo ni chache. Mpelelezi wa leo huwa ni mtaalamu wa wanyama, mchimbaji wa mabaki ya kale, mzamiaji, mpanda milima au mwandishi anayesafiri kwa miguu. Kinachobaki vilevile ni kwamba safari yake inahitaji fedha kabla ya kuanza na wasomaji baada ya kwisha. Majarida ya upelelezi yalikua kwa sababu yaliunganisha mahitaji haya mawili.

Majarida yaliyotangulia

National Geographic haikuwa ya kwanza. Nchini Ujerumani, mchoraji ramani August Petermann alianzisha mwaka 1855 jarida la jiografia katika mji wa Gotha. Nchini Ufaransa, Édouard Charton alianzisha Le Tour du Monde mwaka 1860, jarida la habari za safari lililopambwa kwa michoro mingi. Vyama vya wamisionari navyo vilikuwa na majarida yao.

Afrika ya Mashariki ilionekana mapema katika kurasa hizo. Mmisionari Johannes Rebmann aliuona mlima Kilimanjaro mwaka 1848, na taarifa yake ya kuwapo theluji karibu na ikweta ilichapishwa mwaka uliofuata katika jarida la chama cha wamisionari cha Kanisa la Uingereza. Huko London mwanajiografia William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kufika Afrika, alikataa kuiamini. Mwaka 1856 jarida la Petermann lilitoa ramani ya Rebmann na mwenzake Jakob Erhardt iliyoonyesha ziwa moja kubwa mno katikati ya bara. Wamisionari hao walikuwa hawajaliona ziwa lenyewe. Waliichora ramani yao kutokana na maelezo ya wafanyabiashara wa misafara waliokuwa wakisafiri kati ya pwani na bara.

Ramani hiyo ilisaidia kuwashawishi wanajiografia wa London kuwatuma Richard Burton na John Hanning Speke, walioondoka pwani mwaka 1857 na kufika Ujiji mwaka 1858. Aliyekuwa nguzo ya msafara wao ni Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyechukuliwa utumwani akiwa mtoto, akapelekwa India na baadaye akarudi Afrika akiwa huru. Baada ya hapo alisafiri na Speke mara ya pili, kisha na Henry Morton Stanley na Verney Lovett Cameron. Mwaka 1876 Shirika la Kifalme la Jiografia la London lilimtunukia medali ya fedha. Wapagazi wengi wa misafara hiyo hawakutajwa popote kwa majina.

Historia

Kuanzishwa

Tarehe 13 Januari 1888 wanaume 33 walikutana katika klabu moja mjini Washington. Walikuwamo wanajiografia, maofisa wa jeshi, wanasayansi na matajiri waliopenda elimu. Waliazimia kuunda shirika la kuongeza na kueneza maarifa ya jiografia. Mwenyekiti wa kwanza alikuwa mwanasheria Gardiner Greene Hubbard. Toleo la kwanza la jarida lilitoka mwaka huohuo. Lilikuwa na maandishi ya kitaalamu, halikuwa na picha za kuvutia, na lilisomwa na wachache.

Baada ya Hubbard kufa, mkwe wake Alexander Graham Bell, anayejulikana zaidi kama mvumbuzi wa simu, alishika uongozi mwaka 1898. Bell aliona kwamba jarida lisingedumu likiendelea kuandikwa kwa ajili ya mabingwa peke yao. Mwaka 1899 alimwajiri kijana Gilbert Hovey Grosvenor, ambaye alikuja kuwa mhariri mkuu hadi mwaka 1954.

Picha

Inasimuliwa kwamba mwishoni mwa mwaka 1904 Grosvenor alipungukiwa na makala, huku kurasa 11 za toleo la Januari 1905 zikiwa tupu. Alizijaza kwa picha za mji wa Lhasa katika Tibet, alizopokea kutoka kwa wanajiografia wa Urusi. Wasomaji walifurahi sana na wanachama wakaongezeka haraka. Mwaka 1906 jarida lilitoa picha za wanyama wa porini zilizopigwa usiku na George Shiras. Baadhi ya viongozi wa shirika walinung'unika kwamba jarida lao la elimu linageuzwa kuwa kitabu cha picha, lakini Grosvenor hakurudi nyuma.

Fremu ya njano ilianza kutumika mwaka 1910. Picha za rangi zilianza kuchapishwa katika muongo huohuo, na Januari 1927 zilitoka picha za rangi zilizopigwa chini ya bahari karibu na pwani ya Florida. Katika miaka ya 1980 jarida lilikuwa likitoa zaidi ya nakala milioni 10 kila mwezi. Baadaye matoleo ya lugha nyingine yaliongezwa, yakiwamo ya Kijapani, Kihispania na Kiarabu.

Uhusiano na wapelelezi

Kwa miaka mingi msomaji hakuambiwa kwamba ananunua jarida: alijiunga na shirika akawa mwanachama, na jarida lilikuwa haki yake. Sehemu ya ada za wanachama ilitumika kugharimia safari na utafiti. Mpelelezi aliyepewa fedha mara nyingi alitakiwa kulipatia jarida habari na picha zake kabla ya wengine. Habari hizo ziliwavuta wanachama wapya, na ada zao zikagharimia safari nyingine.

Utaratibu huu ulisaidia sayansi, kwa kuwa kazi zilizohitaji miaka mingi shambani zilipata mfadhili. Lakini uliathiri pia namna habari zilivyosimuliwa. Jarida lilihitaji shujaa mmoja ambaye msomaji angeweza kumfuata kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Safari iliyofanywa na watu mia moja iliandikwa kama safari ya mtu mmoja.

Mifano ya wapelelezi waliotangazwa

Robert Peary na Matthew Henson

Mmarekani Robert Peary alidai kwamba alifika Ncha ya Kaskazini tarehe 6 Aprili 1909. Shirika la National Geographic liliunda kamati ya kukagua kumbukumbu zake, nayo ikakubali madai yake. Peary alisifiwa kama mtu wa kwanza kufika huko. Katika hatua ya mwisho alifuatana na watu watano: Mmarekani mweusi Matthew Henson, aliyesafiri naye kwa miaka mingi na kujua lugha ya Wainuiti, pamoja na Wainuiti wanne, Ootah, Seegloo, Egingwah na Ooqueah.

Henson hakupewa heshima kama ya Peary. Alikufa mwaka 1955. Mwaka 1988 mabaki yake yalihamishiwa makaburi ya kitaifa ya Arlington, karibu na Peary, na mwaka 2000 shirika lilimtunukia medali ya Hubbard, ambayo ni tuzo yake ya juu. Mwaka huohuo wa 1988 jarida lilichapisha uchunguzi wa mpelelezi Mwingereza Wally Herbert, aliyeona kwamba huenda Peary hakuifikia ncha yenyewe. Suala hilo bado linajadiliwa.

Hiram Bingham

Mwaka 1911 Hiram Bingham, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Yale, alipelekwa kwenye magofu ya Machu Picchu nchini Peru na mkulima wa huko aitwaye Melchor Arteaga. Wakati huo kulikuwa na familia zilizolima kwenye matuta ya kale ya mahali hapo. Toleo la Aprili 1913 la National Geographic lilitolewa lote kwa ajili ya habari ya Machu Picchu, na Bingham akajulikana kama aliyeugundua mji uliopotea. Vitu alivyovichukua na kuvipeleka Yale vilirudishwa Peru miaka ya 2011 na 2012, baada ya madai ya muda mrefu.

Anga, milima na bahari

Shirika lilishiriki katika safari ya puto lililopaa hadi mita 22,066 tarehe 11 Novemba 1935. Puto hilo liliwabeba Albert Stevens na Orvil Anderson. Lilisaidia pia msafara wa Wamarekani wa kupanda mlima Everest mwaka 1963, ambapo Jim Whittaker alifika kileleni pamoja na Msherpa Nawang Gombu. Mfaransa Jacques Cousteau alipata msaada wa kuchunguza bahari, na mwaka 1985 jarida liliandika habari ya kuonekana kwa mabaki ya meli Titanic katika kilindi cha bahari ya Atlantiki.

Jarida na Afrika ya Mashariki

Olduvai na Laetoli

Tarehe 17 Julai 1959 Mary Leakey aliona meno na vipande vya fuvu vikijitokeza ardhini katika bonde la Olduvai (Oldupai), kaskazini mwa Tanzania ya leo. Kiumbe huyo aliitwa Zinjanthropus, kutokana na jina la kale la Kiarabu la pwani ya Afrika ya Mashariki, ambalo linasikika pia katika jina la Zanzibar. Siku hizi wataalamu humwita Paranthropus boisei. Umri wake ulikadiriwa kuwa takriban miaka milioni 1.75, mkubwa kuliko wengi walivyotarajia.

Hadi hapo akina Leakey walikuwa wamechimba kwa fedha kidogo. Baada ya habari hiyo shirika lilianza kuwafadhili, na Septemba 1960 Louis Leakey aliwaeleza wasomaji wa jarida juu ya ugunduzi huo. Fuvu lenyewe limehifadhiwa na Makumbusho ya Taifa mjini Dar es Salaam. Mwaka 1979 Mary Leakey aliandika katika jarida kuhusu nyayo za Laetoli, zilizoachwa kwenye majivu ya volkeno miaka takriban milioni 3.6 iliyopita na viumbe waliotembea kwa miguu miwili.

Gombe

Jane Goodall alifika Gombe, kwenye ufuko wa ziwa Tanganyika karibu na Kigoma, tarehe 14 Julai 1960. Alikuwa na umri wa miaka 26 na hakuwa na shahada ya chuo kikuu. Miezi michache baadaye alimwona sokwe akitumia kijiti kuvulia mchwa kutoka kwenye kichuguu, jambo lililowalazimu wataalamu kufikiri upya juu ya usemi kwamba binadamu peke yake ndiye anayetengeneza vifaa. Shirika lilimpa fedha kuanzia mwaka 1961, kisha likamtuma mpigapicha Hugo van Lawick. Makala yake ya kwanza ilitoka Agosti 1963.

Picha za Gombe zilimwonyesha msichana wa Kiingereza aliye peke yake msituni. Kwa kweli hakuwa peke yake. Mwanzoni alikuwa na mama yake, mpishi na askari wa wanyamapori. Baadaye utafiti ulitegemea sana Watanzania kutoka vijiji vya jirani, kama vile Hilali Matama, waliowafuata sokwe kutwa nzima na kuandika mienendo yao. Mwaka 1975 waasi waliovuka ziwa kutoka Zaire waliwateka nyara wanafunzi wanne wa kigeni waliokuwa Gombe. Wanafunzi hao waliachiliwa baadaye, lakini watafiti wa kigeni walilazimika kuondoka. Wafanyakazi Watanzania waliendelea kukusanya taarifa kila siku, ndiyo maana kumbukumbu za Gombe hazikukatika. Goodall alifariki tarehe 1 Oktoba 2025.

Volkeno za Rwanda

Dian Fossey alianzisha kambi ya Karisoke nchini Rwanda mwaka 1967 ili kuchunguza gorila wa milimani. Alionekana kwenye jalada la jarida Januari 1970, na aliuawa kambini kwake Desemba 1985. Kazi ya kila siku ya kuwatafuta gorila na kutegua mitego ilifanywa na Wanyarwanda waliozoea kusoma alama za wanyama msituni. Baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 watu hao walikuwa miongoni mwa walioifanya kazi hiyo iendelee.

Kamoya Kimeu

Mkenya Kamoya Kimeu alianza kazi kwa akina Leakey mwaka 1960 kama kibarua wa kuchimba. Hakupata elimu ya chuo, lakini jicho lake lilikuwa kali: aliweza kutofautisha kipande cha mfupa na kokoto palipokuwa na maelfu ya kokoto. Mwaka 1964 aliona taya la kale huko Peninj karibu na ziwa Natron. Agosti 1984 aliona kipande kidogo cha fuvu huko Nariokotome, magharibi ya ziwa Turkana, kilichowaongoza wenzake kwenye mifupa karibu kamili ya mvulana wa spishi ya Homo erectus aliyeishi miaka takriban milioni 1.5 iliyopita.

Mwaka 1985 shirika la National Geographic lilimtunukia medali ya La Gorce, aliyokabidhiwa na rais Ronald Reagan. Spishi mbili za kale za jamii ya nyani na kima zina jina lake. Kamoya alifariki mwaka 2022. Ni mmoja wa Waafrika wachache wa kizazi chake ambao kazi yao ya kutafuta mabaki ilitambuliwa kwa jina wakati wa uhai wao.

Lawama

Wanahistoria wamelilaumu jarida kwa namna lilivyowaonyesha watu wa Afrika, Asia na visiwa vya Pasifiki. Walipigwa picha wakiwa nusu uchi au wakishangaa vyombo vya Wazungu, na mara nyingi maelezo ya picha hayakuwa na majina yao.

Mfano mashuhuri ni picha ya msichana wa Afghanistan mwenye macho ya kijani, iliyopigwa na Steve McCurry katika kambi ya wakimbizi nchini Pakistan na kuwekwa kwenye jalada la Juni 1985. Ilijulikana dunia nzima, lakini jina la msichana halikujulikana hadi alipotafutwa na kupatikana mwaka 2002. Anaitwa Sharbat Gula. Mwaka 2021 alipewa hifadhi nchini Italia.

Jarida limelaumiwa pia kwa kuchezea picha. Katika jalada la Februari 1982 piramidi za Giza zilisogezwa karibu kwa kompyuta ili zienee kwenye ukurasa.

Mwaka 2018 mhariri mkuu Susan Goldberg, mwanamke wa kwanza kushika cheo hicho, alimwomba mwanahistoria John Edwin Mason kupitia matoleo ya zamani. Mason alikuta kwamba hadi miaka ya 1970 jarida karibu halikuwagusa Wamarekani weusi isipokuwa kama vibarua na watumishi, na kwamba liliwaonyesha wenyeji wa nchi nyingine kama watu wa ajabu. Alitoa mfano wa Afrika Kusini: makala ya mwaka 1962, iliyoandikwa muda mfupi baada ya mauaji ya Sharpeville, haikugusa mateso ya watu weusi, wakati makala ya mwaka 1977 iliueleza ubaguzi wa rangi waziwazi. Goldberg alikiri makosa hayo katika toleo la Aprili 2018.

Wapelelezi wa karne ya 21

Safari za karibuni zimeanza kuandikwa kwa njia tofauti. Kati ya miaka 1999 na 2000 Mike Fay alitembea takriban kilomita 3,200 katika misitu ya Jamhuri ya Kongo na Gabon. Habari na picha za safari hiyo zilichangia uamuzi wa Gabon wa kuanzisha hifadhi za taifa 13 mwaka 2002.

Januari 2013 mwandishi Paul Salopek alianza kutembea kwa miguu kutoka Herto Bouri nchini Ethiopia, akifuata njia ambayo binadamu wa kale walipitia kuenea duniani hadi ncha ya Amerika Kusini. Katika kila nchi hutembea na wenyeji, na huwataja kwa majina katika habari zake. Wa kwanza alikuwa Mwafar Ahmed Alema Hessan.

Shirika sasa huwapa watafiti wa nchi mbalimbali cheo cha mpelelezi, wakiwamo wanaofanya kazi katika nchi zao wenyewe. Mwaka 2021 tuzo yake ya mpelelezi wa mwaka ilitolewa kwa Mkenya Paula Kahumbu, mtaalamu wa ikolojia anayejulikana kwa kutetea tembo dhidi ya majangili.

Hali ya sasa

Mwaka 2015 jarida na chaneli za televisheni ziliwekwa chini ya kampuni ambayo sehemu yake kubwa ilimilikiwa na 21st Century Fox, na mwaka 2019 sehemu hiyo ilinunuliwa na Disney. Shirika lenyewe linaendelea kutoa ruzuku za utafiti. Mwaka 2023 jarida liliwapunguza waandishi wake wa kudumu, na baadaye likaacha kuuzwa kwenye vibanda vya magazeti nchini Marekani. Waliojiandikisha bado hupata nakala za karatasi, na wengine husoma kwenye intaneti.

Majarida mengine

Geographical lilianzishwa Uingereza mwaka 1935. GEO lilianzishwa Ujerumani mwaka 1976 na baadaye likapata toleo la Kifaransa. Outside lilianzishwa Marekani mwaka 1977 na linahusu zaidi michezo na safari za porini. National Geographic Adventure lilianza mwaka 1999 likafungwa mwaka 2009.

Tazama pia

Hifadhi ya Taifa ya Gombe
Oldupai
Laetoli
Sidi Mubarak Bombay
Kamoya Kimeu